Chui wa Unguja: Akirudishwa, Atakuwa wa Nani?

Asalaam alaykum wazee wangu, na nyinyi vijana mliojibanza huko nyuma. Nimeombwa nizungumzie kurudisha paka wa mwituni mahali walipotoweka. Sina haja ya kuwapeleka mbali, wetu tunaye hapa hapa: chui.

Wengi wenu mmemwona makumbusho tu, ngozi iliyojazwa, haina hata wa kumkoromea. Ni mdogo kuliko chui wa bara, na madoa yake ni membamba, yamekatikakatika, utadhani kanyunyiziwa pilipili manga. Bahari ilipokikata kisiwa hiki, maelfu ya miaka nyuma, alibaki upande wetu. Mwaka 1932 alipewa jina la kisayansi la adersi, kwa heshima ya Daktari Aders aliyekuwa mtumishi wa serikali hapa. Lishikeni jina hilo, nitalirudia.

Hakufa kwa njaa. Wazee mnajua: hapa palikuwa na chui wa mwitu na chui wa kufugwa. Ilisemwa kuna mtu anamlisha, kisha usiku anamtuma kwa jirani aliyegombana naye. Mbuzi akiliwa, swali halikuwa chui yuko wapi. Swali lilikuwa: chui wa nani? Baada ya Mapinduzi ya 1964 akaja Kitanzi, mfichuaji wachawi, na vijiji vikaingia kwenye msako uliowakumba wachawi na chui kwa pamoja. Miaka ya 1990 watafiti Helle Goldman na Martin Walsh walipopita vijijini, habari za wafuga chui bado zilisimuliwa kama za jana. Mwaka 2018 kipindi cha televisheni cha Marekani kilionyesha mnyama aliyenaswa na kamera usiku, kikasema ndiye chui wetu. Watu walishangilia. Mimi nasubiri kinyesi, nyayo, mtoto wa chui.

Sasa, kurudisha inawezekana? Rwanda wamefanya. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 watu walirejea na ng'ombe wao kwenye hifadhi ya Akagera, simba wakategewa sumu mpaka wakaisha. Mwaka 2015 wakaletwa simba 7 kutoka Afrika Kusini, na leo wanazaana. Lakini msisahau kilichotangulia: uzio wa umeme wa zaidi ya kilomita 100, kwanza, ndipo simba.

Sisi tuzungushie wapi? Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ni kama kilomita za mraba 50, sehemu yake mikoko. Unguja nzima ina watu zaidi ya milioni 1.3. Chui hutembea, wazee wangu, na mikorosho ya watu imeanzia pale msitu unapoishia.

Mnyama wa kuleta si tatizo. Mwaka 2017 wataalamu wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, walipopanga upya jamii za paka, wa kwetu alihesabiwa pamoja na chui wote wa Afrika. Kwa hesabu hiyo, wa hifadhi ya Saadani, huko bara, ni ndugu yake.

Ila atakula nini? Hapa narudi kwa Daktari Aders. Kuna mnyama mwingine aliyepewa jina lake: paa nunga, yule mwekundu, mwenye mkanda mweupe matakoni. Duniani amebaki Unguja na pwani ya Kenya, basi. Amewindwa kwa mbwa na nyavu hadi amekuwa adimu. Zamani chui alikuwa akimla na paa wakabaki tele. Leo chui wawili watatu wanaweza kummaliza, kisha wahamie kwa kima punju, naye asili yake ni kisiwani humu tu.

Kabla ya kuja hapa nilimdokezea mzee mmoja wa kusini habari hii. Akaniuliza, "Mkimleta, atakuwa wa nani?" Nikamwambia wa Serikali. Akacheka. "Basi akila mbuzi wangu nimfuate nani, Waziri?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kwa hiyo mkiniuliza fedha ziende wapi mwaka huu, nitasema kwa paa nunga: walinzi wa msitu wa kutosha, na mbwa wa wawindaji watoke msituni. Haya, maswali. Tuanze na yule mama mwenye mtandio wa kijani.