Sinia la Harusi na Kioo Kipana

ZUWENA: Asalaam aleikum wasikilizaji. Mkinisikia sauti imepwelea ni safari, nimerudi jana kutoka Wete.

HAJI: Waaleikum salaam, karibu mjini. Mama hajambo?

ZUWENA: Hajambo, ila amenuna. Na hiyo ndiyo habari ya leo. Unaikumbuka ile kanda ya harusi yake niliyoipeleka dukani wanihamishie kwenye flashi?

HAJI: Naikumbuka. Na leo tumeahidi mambo matatu: picha iliyotanuka, picha iliyokatwa kingo, na kurekebisha faili moja kwa moja.

ZUWENA: Tutafika. Basi, nimechomeka flashi kwenye kiboksi kinachounganishwa na tivii, ukumbi umejaa watu, picha ikaanza. Kila mtu mnene! Marehemu bibi yangu, Mungu amrehemu, kanga ilikuwa ikimzunguka mara mbili na ncha ikabaki. Mle ndani mabega yamejaa mlango.

HAJI: Picha ya kanda za zamani ni 4 kwa 3, yaani upana 4 kwa urefu 3; kioo cha tivii ya leo ni 16 kwa 9. Ukiivuta ijaze kioo, upana unaongezeka theluthi nzima na urefu uko palepale. Ulifanyaje?

ZUWENA: Nilikosea kwanza. Nilichukua rimoti ya tivii nikaweka 4 kwa 3. Watu wakapungua, lakini na menyu ya kiboksi nayo ikabanwa, maandishi yote yamesimama membamba.

HAJI: Kwa sababu kiboksi kinatuma picha ya nukta 1920 kwa 1080, yaani 16 kwa 9 tayari. Tivii haijui ndani mna kanda au mna menyu, inabana kila kitu. Tivii iache kwenye 16 kwa 9, utengeneze kule kwenye programu inayocheza.

ZUWENA: Ndivyo nilivyofanya. Programu yenyewe inaitwa Kodi, nikaingia mipangilio ya picha. Nikakuta iko kwenye hali ya kawaida, na bado bibi mnene!

HAJI: Hapo kosa liko kwenye faili. Kanda kama hizo huhifadhiwa kwa nukta 720 kwa 576, na ukigawa namba hizo hupati 4 kwa 3 wala 16 kwa 9. Kuna alama ndani ya faili inayouambia mtambo utandaze vipi. Aliyehamisha akiweka alama siyo, mtambo unatii.

ZUWENA: Basi nikailazimisha 4 kwa 3 mlemle ndani ya Kodi. Wanaochezea video kwa programu ya VLC kwenye kompyuta wabonyeze herufi A, inabadilisha umbo la picha kila ukibonyeza. Lakini utajuaje umefika penyewe? Mimi nilitazama sinia. Sinia la biriani likawa duara, nikajua tumefika.

HAJI: Sinia gani?

ZUWENA: La harusi, lile lililowekwa mbele ya mashangazi.

HAJI: Dada Zuwena, kuna masinia marefu kama yai. Umejuaje lile lilikuwa duara?

ZUWENA: Haji! Sinia lile lipo mpaka leo, limetundikwa jikoni kwa mama. Nimelishika kwa mkono wangu.

HAJI: Hilohilo, au nduguye? Harusini watu huazima masinia mtaa mzima.

ZUWENA: Lina alama ya msumari chini, mama alilitia asichanganye na ya majirani.

HAJI: Na kwenye kanda unauona huo msumari?

ZUWENA: Chini ya biriani nitauonaje?

HAJI: Basi hujathibitisha. Ungetazama dufu, dufu halina la yai.

ZUWENA: Madufu yapo, ila yanapigwa yameinamishwa, yote yanaonekana mayai! Sinia limetulia mkekani, na kamera iko juu yake.

HAJI: Haya, sinia nalikubali kwa leo. Sasa mama kanunia nini?

ZUWENA: Weusi pembeni. Kila upande unabaki ukanda wa nukta 240. Anasema nimemnunulia tivii kubwa, kisha nikamfungia madirisha.

HAJI: Na ana haki. Mkuzie picha ijae.

ZUWENA: Ikuzwe ikatwe? Robo ya urefu inakwenda, katika mistari 576 inabaki 432. Nilijaribu. Juu imekata taji la bi harusi, chini imekata jina la kanga ya bibi. Kanga ile alimchagulia mwanawe siku ile, nataka jina lisomeke!

HAJI: Lakini harusi ni yake. Akitaka kuitazama imejaa kioo, wewe mtoto unamzuia kwa sheria ya nani?

ZUWENA: Kwa sura ya mama yake mwenyewe. Watoto wetu hawakumuona bibi, watamjua kwa picha hiyo tu.

HAJI: Watoto waoneshe kwenye simu. Kioo cha mama kijaze.

ZUWENA: Sikijazi.

HAJI: Na mimi sikuungi mkono.

ZUWENA: Usiniunge. Nimemwachia bibi na sura yake, rimoti nimeiweka juu ya kabati.

HAJI: Umeiweka juu ya… Zuwena, mama anafikaje huko?

ZUWENA: Ana wajukuu.

HAJI: Aa, hilo silikubali hata kidogo. Na kingo je, na ile alama ya faili? Watu wanasubiri.

ZUWENA: Adhana hiyo, Magharibi imeingia. Wiki ijayo inshallah.

HAJI: Wasikilizaji, nampigia mama yake nikitoka msikitini.