Kuku Kwanza, Ng'ombe Baadaye

HAMAD: Assalamu aleikum wasikilizaji. Leo tunazungumzia njaa ya hapa kwetu Pemba, ile ya kimyakimya. Chungu kinapikwa kila siku, lakini ndani mna wali mtupu au muhogo mtupu. Dada Salma, karibu.

SALMA: Ahsante kaka Hamad. Hiyo ndiyo inayoniuma mimi. Mikarafuu ikizaa, pesa zinaonekana. Mwaka wa pili haizai kitu, na mchele wa dukani lazima ununuliwe. Huko Micheweni kwenye maweni, ardhi ya mawe, mikarafuu yenyewe michache. Kusi nalo likivuma, baharini hakuendeki. Sasa mama atatoa wapi kitoweo?

HAMAD: Wengi watakwambia, mpeni ng'ombe wa maziwa.

SALMA: Ng'ombe aje baadaye. Anataka majani kila siku, maji ndoo kwa ndoo, na daktari. Akifa, nyumba nzima imerudi nyuma. Kuku anaatamia siku 21, na kabla hajaatamia yai mtoto keshalila.

HAMAD: Lakini kuku tunao tangu enzi za mababu. Mbona hawajatutoa?

SALMA: Kideri, kaka, ule ugonjwa wa kuku! Unaamka asubuhi, mmoja kajikunyata, mbawa zimeshuka, anaharisha kijani. Mwengine shingo imepinda. Wiki haijesha, uani kweupe. Na dawa ya kumponya hakuna, mtu asikudanganye na maji ya pilipili. Kilichopo ni chanjo ya tone.

HAMAD: Waeleze inavyofanywa, maana wapo wanaoiogopa.

SALMA: Unamshika kuku, unamlaza ubavu, jicho moja litazame juu. Dondosha tone moja. Usimwachie hapo hapo, ngoja apepese, tone liingie. Kifaranga tone moja, jogoo tone moja. Baada ya miezi 3 unarudia. Wanachanjwa wazima tu, aliyekwisha kuugua haimsaidii. Na hii chanjo ya kideri inayoitwa I-2 inavumilia joto kuliko nyengine, unaibeba mpaka kijijini kwenye kitambaa kibichi, isipigwe na jua.

HAMAD: Nizungumze bustani sasa. Mimi nasema bustani inaanzia bandani kwa kuku. Ile mbolea usiitie mbichi, inaunguza miche. Irundike, ifunike, ioze mpaka harufu ikatike, ndipo uchanganye na udongo.

SALMA: Na wa maweni, asiye na udongo?

HAMAD: Achukue polo la mchele, alijaze udongo na samadi, atoboe ubavuni, apande mchicha juu na pembeni. Mchicha wiki 3 au 4 unachuma. Maji ya kuoshea mchele yasimwagwe, yaende pale. Aongeze mabamia, mabilingani, na matembele ambayo hayataki ununue mbegu, unakata mche kwa jirani. Majani haya ya kijani yana vitamini A, mtoto mdogo anaihitaji kwa macho na kwa kinga ya mwili. Tuna watu wanauza mayai yote na mboga yote, halafu wananunua biskuti. Hilo linanisikitisha sana.

SALMA: Haki yake mtoto itangulie, kinachobaki ndicho kiende sokoni. Na pesa ya mayai ikae mkononi mwa mama. Ya karafuu baba anaishika, sawa, lakini hii ndiyo ya daftari la skuli na panadoli.

HAMAD: Mbuzi tusimsahau. Sikukuu ya kuchinja na akika, mteja anakufuata mwenyewe nyumbani.

SALMA: Mbuzi mzuri, ila afungwe au akatiwe majani bandani. Akiachiwa, bustani ya jirani inaliwa usiku mmoja na mnaishia kwa sheha, kiongozi wa mtaa.

HAMAD: Hebu turudi kwenye chanjo. Mmoja anachanja, jirani hachanji. Inakuwaje?

SALMA: Ndiyo maana ugonjwa haupungui. Kuku wanachangamana njiani siku nzima. Chupa moja inatosha kuku wengi, na ikifunguliwa haikai, kwa hiyo nyumba kadhaa zichange zinunue moja. Tunawaomba masheha watangaze siku. Asubuhi hiyo kuku wasifunguliwe tunduni mpaka mchanjaji apite nyumba zote, hata ya yule mwenye kuku wawili.