Anzeni na statement ya paybill

Asanteni jamani, sogeeni mbele, viti vipo. Leo tuongee pesa tu, jinsi mashirika yetu yatakavyopata wafadhili wakubwa. Wengi wetu tukisikia mfadhili mkubwa, akili inakimbilia kwa tajiri wa magazetini, tunaandika proposo kurasa arobaini tunamtumia Mohammed Dewji kwa sababu 2016 alijiunga na Giving Pledge akaahidi kutoa angalau nusu ya mali yake, ni ahadi nzuri sana ile, lakini hakujui, na wanaomwandikia ni wengi mno.

Mimi nawaomba muanze na statement ya paybill yenu, ile namba ya M-Pesa ya shirika watu wanayotumia kuwachangia. Printi miaka mitatu yote, keti na kalamu, pitia mtu mmoja mmoja, ametoa lini mara ya mwisho, ametoa mara ngapi, jumla ngapi. Utamkuta mheshimiwa alotoa laki moja siku ya harambee mbele ya kamera halafu kimya mpaka leo. Halafu utamkuta mama anatuma 3,500 kila tarehe tano, haruki mwezi, na ofisini hakuna anayeijua sura yake! Piga hesabu, miaka mitatu hiyo ni 126,000, keshampita mheshimiwa. Tafuteni namba yake, mpigieni wiki hii, msiombe kitu, shukuruni tu mumuulize ilikuwaje akaanza kutuma, halafu mumsikilize.

Jumla peke yake lakini haitoshi, angalia uwezo wake, angalia kazi yenu imemgusa wapi, pengine mtoto wa dadake alisomea kwenu, na nani kati yenu akimpigia atapokea. Mwenye yote matatu ndiye wa kwanza. Mwenye hela tu ashuke chini ya orodha, hata awe na jina kubwa vipi.

Na msichukue watu mia. Mtu mmoja wa kutafuta michango, wafadhili kumi na tano wanamtosha kabisa, awapeleke wakaone kisima, na pampu ikiharibika pia awaambie.

Wadogo msiwatupe, ule mchango wa Kenyans for Kenya 2011 wakati wa ukame ulitafuta shilingi milioni 500 kwa wiki nne, watu wakatuma hata shilingi kumi kwa M-Pesa, makampuni yakaongeza, lengo likapitwa.

Wala msimwegemee mmoja. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, kliniki zilizokuwa na mfadhili huyo tu zilifunga, na wagonjwa walikuwa bado wanakuja kuchukua dawa, inaniuma mpaka leo. Mkiona mmoja anabeba nusu ya bajeti, tafuteni wa pili huyo akiwa bado anatoa. Haya, maswali, tuanze na dada pale nyuma.