Karabai za Kibirizi na makaa ya mawe ya Uingereza

Mhadhara uliotolewa Mwanga, Kigoma mjini, mbele ya walimu, wanafunzi wa sekondari na wavuvi

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu na vijana, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie nchi iliyoacha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe. Nitaizungumzia, lakini naomba nianzie Kibirizi ufukweni, maana humu ukumbini wapo wazee wanaolijua jambo hili kwa mikono yao.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, ziwa lilijaa taa hadi ungedhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Zote zilikuwa karabai. Kabla ya kusukuma mtumbwi, baba aliinamia taa moja moja, akaipampu, akasubiri kile kifuko cha uzi kiwake cheupe. Tone moja la maji likikigusa, kinapasuka, na usiku wake umeharibika. Asubuhi, kabla dagaa hawajaanikwa, sehemu yao ilikuwa imeshakwenda kwa muuza mafuta ya taa. Sisi watoto tulikula kilichobaki.

Nenda Kibirizi leo ukaulizie karabai. Utaonyeshwa betri, taa za LED, na paneli ya sola juu ya bati. Hakuna askari aliyepita kuwakamata wenye karabai. Wavuvi walipiga hesabu ya usiku mmoja, wakaona.

Uingereza nayo ilipiga hesabu, ila yake ilichukua muda. Januari 1882, pale Holborn Viaduct, London, kampuni ya Edison iliwasha mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kwa ajili ya taa za mitaani na za majengo ya jirani. Miaka 142 baadaye, tarehe 30 Septemba 2024, mtambo wa mwisho wa namna hiyo nchini humo, Ratcliffe-on-Soar, wenye megawati 2,000, ulizimwa. Vijana, hiyo ndiyo nchi iliyoanzisha viwanda vya dunia kwa makaa ya mawe. Desemba 1952 moshi wake ulitanda London siku tano, na watu wasiopungua 4,000 walikufa.

Wala msidhani waliacha polepole kwa miaka yote hiyo. Mwaka 2012 makaa ya mawe bado yalitoa karibu asilimia 40 ya umeme wao. Miaka 12 tu baadaye, sifuri.

Walifanyaje? Gesi ya baharini ilikuwa imeanza kuchukua nafasi tangu miaka ya 1990. Mwaka 2013 serikali iliongeza tozo kwa kila tani ya hewa ukaa inayotoka kwenye mitambo ya umeme, na anayechoma makaa ya mawe ndiye aliyeumia zaidi, kwa kuwa ndiyo yanayotoa hewa hiyo kwa wingi. Lakini jambo ninalotaka mlishike ni la mitambo ya upepo baharini. Serikali iliwaambia wawekezaji: shindaneni kwa bei, atakayeshinda tutamhakikishia bei hiyo kwa miaka 15. Mtu mwenye uhakika wa miaka 15 anakopesheka. Mwaka 2015 walioshinda waliomba zaidi ya pauni 110 kwa kila megawati moja ya umeme inayotolewa kwa saa moja. Mwaka 2019, kwa thamani ileile ya pesa, waliomba karibu pauni 40.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Waingereza hawakuuacha mbacha wao mpaka msala ulipokuwa umetandikwa na wamekwisha kuukalia. Aprili 21, 2017 walimaliza siku nzima bila umeme wa makaa ya mawe, ya kwanza tangu 1882, na taa hazikuzimika.

Nisiwapambe kupita kiasi. Upepo ukitulia, wanawasha gesi, na gesi nayo ina moshi wake hata kama haionekani. Mtambo wao mmoja mkubwa, Drax, uliacha makaa ya mawe ukaanza kuchoma vipande vya mbao, vingi vikiletwa kwa meli kutoka Marekani. Mimi hilo siliiti kuacha.

Na kuna deni ambalo hawajalilipa hadi leo. Machi 1984 wachimbaji walianza mgomo wa kupinga kufungwa kwa migodi. Walikaa mwaka mzima bila mshahara, wake zao wakipika jikoni kwa pamoja ili watoto wasilale njaa. Machi 1985 walirudi kazini wameshindwa, na migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Mji uliokuwa na kazi moja ulibaki hauna hata hiyo moja. Wafanyakazi wa Ratcliffe, kinyume chake, waliijua tarehe yao miaka kadhaa kabla, wakapata nafasi ya kujipanga. Nchi ni ileile, nishati ni ileile, lakini kundi moja lilisukumwa nje na lingine lilifunguliwa mlango.

Sasa turudi kwetu. Wengi humu mnakumbuka majenereta ya dizeli, na mgao, na mama anayeuza juisi akitupa bidhaa yake saa nane mchana. Oktoba 2022 majenereta ya Kasulu yalizimwa, wilaya ikaingia Gridi ya Taifa kupitia Nyakanazi. Bwawa la Julius Nyerere limeongeza mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Na hapa hapa kwetu, kwenye Mto Malagarasi, kuna mradi wa Igamba wa megawati 49.5. Nafurahi. Ila maji peke yake ni hatari: mwaka wa ukame mito ikishuka, mgao unarudi. Jua la Kigoma halisubiri masika, na wavuvi wameshatuonyesha.

Lakini migodi yetu sisi, ndugu zangu, iko kwenye miombo. Sisemi makaa ya mawe sasa, nasema mkaa wa gunia. Serikali imeweka lengo kwamba kufikia 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Naliunga mkono kwa moyo wote. Mama yangu alikohoa maisha yake yote.

Nilikwenda Uvinza kumtembelea binamu yangu anayechoma mkaa. Tanuri lake ni kichuguu cha udongo juu ya magogo, na yeye hulala kando yake usiku kucha. Anaangalia moshi. Ukitoka mweupe mzito, kuni bado zina maji. Ukiwa mwembamba wa rangi ya bluu, mkaa umeiva. Tanuri likitoboka mahali asipaone, moto unashika na kazi ya wiki inakuwa majivu. Ada ya mwanawe wa kidato cha pili inatoka mle kwenye udongo.

Nilimweleza habari za 2034. Alinisikiliza hadi mwisho, akaziba ufa mmoja kwa koleo, akaniuliza: "Sasa kaka, mimi wameniandika wapi?"

Sikuwa na jibu, na ndiyo maana nimekuja nalo swali lake hapa. Tukikutana na diwani, na mbunge, na wanaojenga Igamba, tuwaulize hivyo hivyo: mchoma mkaa wa Uvinza ameandikwa wapi? Atafundishwa kufunga sola? Atapewa mizinga ya nyuki kwenye miti ileile aliyokuwa akiikata? Aambiwe lini? Aambiwe leo, akiwa bado ana gunia la kuuza, au asubiri kuambiwa na mgambo barabarani?

Mzee wa kofia nyeupe, nimeuona mkono wako. Mpeni kipaza sauti.