Kuengua kabla hakujaoza: mzunguko wa maji na skima kwenye tangi la maji ya chumvi

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika na baridi hii ya Julai. Kila aliyewahi kubandika maharage anajua lile povu linalopanda sufuria inapoanza kuchemka. Limebeba protini ya maharage, na mpishi makini huchukua kijiko akaliengua. Skima ya akwariamu, yaani chombo cha kuengua uchafu wa maji ya tangi la samaki, inafanya kazi hiyohiyo, ila haitumii moto na hailali.

Nimekuja na kikombe cha skima yangu, uchafu wa siku nne. Kipitisheni, na mwenye moyo anuse. Rangi ni ya chai ya rangi iliyokolea, harufu mtaisikia wenyewe. Vyote hivyo vilikuwa ndani ya maji yaliyoonekana safi kabisa.

Vimetokaje? Pampu ya skima inavuta maji pamoja na hewa, na pangaboi lake lenye vijisindano linaikatakata hewa kuwa vipovu vidogo mno. Mabaki ya chakula, ute wa samaki na kinyesi huachia majini molekuli zenye pande mbili: upande mmoja unapenda maji, wa pili unayakimbia. Ule unaoyakimbia hukuta hewa ndani ya kipovu na kung'ang'ania hapo. Vipovu vinapanda shingo ya skima, maji yanachuruzika kurudi chini, na povu lililobaki linamwagikia kikombeni.

Wafugaji wa mbuna, wale samaki wa Ziwa Nyasa, huniuliza kama nao wanunue. Hapana. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, vipovu huungana haraka vikawa vikubwa na kupasuka. Chumvi ya bahari, gramu kama 35 katika kila kilo ya maji, ndiyo inayovizuia visiungane.

Skima haitoi amonia wala nitrati. Inatoa kitu ambacho kingeoza kikawa amonia, ambayo bakteria huigeuza nitriti na kisha nitrati. Nitrati ikizidi, inabidi kumwaga maji na kuweka mapya. Aliye Dar anaweza kuifuata bahari kwa ndoo. Sisi wa Mbeya tuko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka Dar, na kila lita tunayomwaga tumeitengeneza kwa chumvi ya akwariamu iliyonunuliwa kwa bei. Ndiyo maana nasisitiza kuengua mapema.

Lakini skima huengua kile tu kilichoifikia, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu ananunua skima nzuri, halafu maji ya tangi lake yamelala. Uchafu wenye mafuta na protini hupenda kukaa juu ya maji, ukatanda kama utando. Kwa hiyo maji yanayokwenda tangi la chini, kwenye skima, yaporomoke kutoka juu kabisa, yasinyonywe katikati. Kinyesi nacho kikitulia nyuma ya mawe kitaozea hapohapo, mpaka mkondo ukiinue.

Matumbawe je? Hayatembei kufuata chakula wala hewa. Kila tumbawe limefunikwa na safu nyembamba ya maji yaliyotulia, na mkondo ndio unaoipunguza ili oksijeni iingie na taka zitoke. Kwa tangi la lita 200 lenye matumbawe laini, pampu za mzunguko zinazosukuma jumla ya lita 2,000 hadi 4,000 kwa saa zinatosha. Usilielekezee tumbawe pampu moja kwa moja, nyama yake itachanika. Elekeza pampu mbili zikutane, mikondo igongane, maji yasukwesukwe kama yanavyosukwa miambani.

Tena tuko juu, karibu mita 1,700. Hewa yetu ni nyepesi. Maji ya bahari yenye nyuzi 25 za Selsiasi yakiwa pwani hushika oksijeni kama miligramu 6.8 kwa lita. Hapa Mbeya ni kama 5.5. Usiku taa zikizimwa, mwani nao unavuta oksijeni hiyohiyo. Kwa hiyo nawasihi, msizime skima usiku kwa sababu ya kelele yake. Inaingiza hewa saa ile samaki anapoihitaji kuliko saa zote. Na baridi isiwatishe mkapandisha hita hadi nyuzi 28. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo zaidi. Wekeni pia pampu ndogo ya hewa ya betri, kwa ajili ya umeme ukikatika.

Jambo moja limenipata mwenyewe. Asubuhi ya baridi nilijipaka mafuta mikono isipauke, nikaingiza mkono kurekebisha jiwe. Povu likafa. Kikombe kilikaa kikavu mpaka siku ya pili, nami nikahangaika kufungua pampu isiyo na kosa. Mafuta huvunja povu. Osheni mikono mpaka kwenye kiwiko, na shingo ya skima muipanguse kila baada ya siku chache, maana utando wa mafuta ukiganda pale povu halipandi vizuri.

Sasa sogeeni mezani. Tangi hili dogo halina samaki, ni maji ya nyumbani kwangu, na pampu nimeizima tangu tulipoanza. Inamieni, mtazame juu ya maji kwa pembeni, chini ya taa. Mnauona ule mng'ao, kama wa mafuta kwenye supu iliyopoa? Nawasha pampu. Tazameni unakokimbilia.