Chuku na Kipimo: Tovuti Tatu za Kuchezea na Filamu Moja ya Kutazama

Ndugu wasikilizaji, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nipendekeze mambo ya kuchezea na kutazama kwenye skrini, nami nimekuja na tovuti tatu na filamu moja. Zote nimezichagua kwa sababu ya chuku, tamathali tunayoifahamu tangu masomo ya fasihi. Mpiga chuku hulikuza jambo kupita kiasi ili msikilizaji auhisi uzito wake. Tovuti ninazozileta leo hufanya kinyume: zinakataa kuongeza wala kupunguza, zinakuwekea mbele kipimo cha kweli, na kipimo hicho kinakulemea kuliko chuku yoyote.

Ya kwanza ilitengenezwa na Josh Worth mwaka 2014 na inaitwa If the Moon Were Only 1 Pixel, yaani iwapo mwezi ungekuwa pikseli moja tu. Michoro ya mfumo wa jua tuliyoizoea vitabuni huzipanga sayari bega kwa bega kwa sababu karatasi haina nafasi ya kutosha. Worth ameuchukua mwezi, ambao kipenyo chake ni kilomita 3,474 hivi, akaufanya nukta moja, ile ndogo kabisa inayoweza kuonekana kwenye skrini, kisha akavipima vitu vyote vingine kwa nukta hiyohiyo. Jua linapata upana wa nukta 400 hivi, na dunia haifikishi hata 4. Unaanzia kwenye jua, unausogeza ukurasa, na kinachofuata ni weusi. Unasogeza tena, weusi uleule. Utaridi inapita, na usipokuwa makini hutaiona. Kutoka jua hadi dunia ni nukta 43,000 hivi, na takriban zote ni utupu.

Kwenye kona ya ukurasa kuna kitufe cha kuufanya ujiendeshe kwa kasi ya mwanga. Nawaomba mkibonyeze na msikizime. Tumezoea kusema kwamba hakuna chenye mbio kama mwanga, lakini hapa mtauona ukijikokota: safari ya kutoka jua hadi dunia inachukua dakika 8 na sekunde kadhaa, na ya kufika Pluto inapita saa 5. Mimi nilizikaa dakika zile zote bila kugusa kitu. Dunia ilipotokea, na kando yake ile nukta moja ya mwezi, nilijikuta nimenyamaza kama mtu aliye mahali pa ibada, kisha ikapita na weusi ukarudi.

Tovuti ya pili, The Deep Sea ya Neal Agarwal, inakushusha baharini badala ya kukupeleka kando. Mita zinahesabiwa kadiri unavyoshuka, maji yanazidi kuwa meusi, na kila kiumbe amewekwa kwenye kina anachofikia. Kinachonishangaza zaidi ni nyangumi wa Cuvier, mnyama anayepumua hewa kama sisi, ambaye huzama hadi karibu mita 3,000. Mabaki ya meli ya Titanic yako mita 3,800 hivi, na anayedhani hapo ndipo mwisho hajafika hata nusu, kwani sakafu ya Mfereji wa Mariana, mahali penye kina kuliko pote baharini, inakaribia mita 11,000. Wazamiaji Jacques Piccard na Don Walsh walifika huko mwaka 1960, na ukishausogeza ukurasa huo kwa kidole chako mwenyewe, mwaka huo hutausoma tena kama tarehe tupu.

Ya tatu nitaitaja kwa ufupi, maana haihitaji maelezo. Radio Garden, iliyofunguliwa mwaka 2016, inakupa tufe la dunia lenye vinukta vya kijani, na unapolizungusha na kukituliza kinukta kimoja katikati, unasikia redio ya mahali hapo inavyotangaza saa hiyohiyo.

Sasa nije kwenye chuku yenyewe. Filamu ninayoipendekeza ni RRR, iliyoongozwa na S. S. Rajamouli na kutoka mwaka 2022. Imewachukua wapigania uhuru wawili wa India walioishi kweli, Alluri Sitarama Raju na Komaram Bheem, ikawatungia urafiki ambao historia haiujui. Anayemjua Fumo Liyongo, aliyekufa akiwa amepiga goti na upinde mkononi, watu wakaogopa kumkaribia wakidhani yu hai, hatapata tabu kuwaelewa mashujaa hawa.

Tazameni wanavyokutana. Treni imelipuka juu ya daraja, na mtoto amezingirwa na moto mtoni. Raju yuko juu ya daraja, Bheem yuko chini, hawajuani, na wanapatana kwa ishara za mikono tu. Mmoja anapanda farasi, mwingine pikipiki, wanajifunga kamba moja, wanaruka pande mbili za daraja na kubembea chini yake. Mtoto anaokolewa, bendera iliyoloweshwa maji inakuwa ngao dhidi ya moto, na mikono ya wawili hao inashikana hewani. Jambo hilo haliwezekani, lakini muda wote jicho linajua kamba iko wapi, moto uko wapi na nani anaelekea wapi. Chuku isiyo na mpango huchosha baada ya dakika kumi. Hii inadumu zaidi ya saa 3 kwa sababu kila kioja kimeandaliwa kwa subira. Wanyama wa porini wanaovamia kasri wameundwa kwa kompyuta na jicho linawatambua, lakini sioni kama hilo linapunguza kitu.

Wengi mmeusikia wimbo wake, Naatu Naatu, uliopata tuzo ya Oscar mwaka 2023. Ngoma hiyo ilipigwa picha mbele ya Kasri la Mariinskyi mjini Kyiv, Ukraine, mwaka 2021. Wawili hao wanashindana kucheza na wageni wa karamu mpaka wageni wote wanaanguka kwa uchovu, kisha wanabaki wao kwa wao, na vumbi limetanda. Hapo msiitazame miguu. Mtazameni Raju usoni, anapomwona mwanamke anayemshangilia Bheem, anaelewa, kisha anajifanya ameishiwa nguvu na kujiangusha chini.