Nyumba Tatu za Kensington

Ndugu zangu, ukiyaona majengo ya Landsec, kampuni ya kumiliki na kupangisha majengo, jijini London leo, utadhani kampuni hii ilianzishwa na mabwanyenye wenye ardhi ya kurithi. Hapana. Mwaka 1944, vita bado vinaendelea, Harold Samuel alinunua kampuni ndogo iliyoitwa Land Securities Investment Trust, ndiyo Landsec ya leo. Mali yake ilikuwa nyumba tatu za Kensington na dhamana kidogo za serikali. Basi.

Mabomu yalikuwa yamebomoa sehemu kubwa ya jiji, na baada ya vita hukujenga bila leseni. Leseni hizo ziliondolewa Novemba 1954 tu. Ofisi zilizokuwa bado zimesimama zikagombaniwa.

Msemo wa "mahali, mahali, mahali", yaani thamani ya jengo ni pale lilipo, watu humpachika yeye, ingawa ulishachapishwa Marekani mwaka 1926. Mimi naona ustadi wake haukuwa hasa katika kuchagua mahali. Ulikuwa katika kukopa. Alipenda mikopo ya muda mrefu, yenye riba isiyobadilika. Tuchukue mfano wangu: jengo linaingiza kodi ya pauni 7,000 kwa mwaka, riba ni pauni 5,000. Zinabaki 2,000. Mkataba wa mpangaji ukiisha, kodi ikapanda hadi 10,000, riba iko palepale. Zinabaki 5,000. Kodi haijafika hata maradufu, lakini faida imezidi maradufu! Kila bei zilipopanda nchini, aliyeumia ni mkopeshaji.

Si kwamba kila mlango ulimfungukia. Mwaka 1953 alikusanya hisa za kundi la hoteli za Savoy, akiitaka hoteli ya Berkeley aigeuze ofisi. Wakurugenzi, wakiongozwa na Hugh Wontner, wakauhamisha umiliki wa Berkeley kwa mpango wa kuilazimisha ibaki hoteli, tena bila kuwauliza wenye hisa. Samuel akauza hisa zake, akaondoka. Na msimwonee huruma, maana aliondoka na faida. Mchunguzi wa serikali baadaye aliona wakurugenzi walitumia vibaya madaraka yao.

Kampuni ikaendelea kumeza nyingine. Mwaka 1968 ilichukua City Centre Properties, na mwaka uliofuata City of London Real Property, kampuni iliyokuwa ikipangisha ofisi jijini tangu 1864, Samuel mwenyewe hajazaliwa.